Chumba cha urithi katika mtaa wa makabila mengi: namna ya kukianzisha kikadumu

Ukizunguka vyumba vya urithi vilivyofunguliwa na vikundi vya kijamii nchini Kenya, mara nyingi utakuta mpangilio ule ule: kona ya Wakikuyu, kona ya Waluo, kona ya Wakalenjin, na kwenye pembe iliyobaki, meza moja iliyoandikwa "Wengine". Mpangilio huo ndio unaoviua vyumba hivi. Mgeni huenda moja kwa moja kwenye kona ya kwao, akailinganisha na ya jirani kwa ukubwa, kisha akatoka na kile kile alichoingia nacho. Aliyewekwa kwenye meza ya "Wengine" harudi tena.

Maelezo haya ni ya kikundi chenye chumba kimoja cha takribani mita 4 kwa 5, fedha kidogo, na majirani wa lugha nne au tano au zaidi. Msingi wake ni huu: panga vitu kwa kazi vinayofanya, usivipange kwa kabila la mwenye kitu. Ukishika hilo, maamuzi mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

Amua meza kabla ya kukusanya vitu

Wengi huanza kwa kutangaza kanisani na msikitini kwamba watu walete vitu vya zamani. Katika wiki mbili chumba kinajaa vibuyu ishirini na mikuki kumi, na kila aliyeleta anataka chake kionekane. Kwanza chagua mada nne au tano, kila moja na meza yake, ndipo utafute vitu. Mada nzuri ni ile ambayo kila nyumba ya mtaa ina neno la kusema juu yake: maziwa na nafaka, kuzaliwa na kupewa jina, muziki, kusuluhisha ugomvi, kubeba mzigo.

Chukua mji wa Isiolo, ambako Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali wanaishi pamoja. Meza ya maziwa peke yake inatosha kufungua chumba. Waborana wana gorfa, chombo kilichofumwa kwa nyuzi za mimea kwa ufundi hata kikazuia maziwa yasivuje. Wasomali wana dhiil, nacho cha kufumwa. Waturkana na Wasamburu huchonga vyombo vya mbao. Viweke pamoja na watu wenyewe wataanza kuzungumza, kwa sababu vyote huandaliwa kwa moto: ndani hufukizwa kwa vijinga vya mti maalumu ili maziwa yakae na yapate harufu yake. Bishano la mti gani unatoa harufu nzuri zaidi ni bishano zuri, na kila mtu analiingia akiwa mjuzi.

Ukiwa upande wa magharibi, fanya hivyo kwa ala za nyuzi. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, obokano ya Abagusii ina nyuzi nane lakini ni kubwa na sauti yake ni nzito, na litungu ya Wabukusu ni ndugu yao wa karibu. Zikitenganishwa katika kona tatu, ni fahari tatu. Zikiwa ukuta mmoja, mtoto anaona kwa macho yake kwamba majirani hawa wamekuwa wakisikilizana kwa muda mrefu sana.

Meza ya kusuluhisha ugomvi ndiyo ngumu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wamaasai hushika nyasi mbichi mkononi kama ishara ya amani. Miongoni mwa Wapokot kuna leketyo, mkanda wa mama mjamzito ulioshonwa kwa kauri. Ukiwekwa chini kati ya wanaopigana, mapigano husimama. Wangari Maathai, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza bakora ya mti wa thigi waliyobeba wazee wa Kikuyu: ikiwekwa katikati ya pande mbili zinazogombana, zinaacha na kutafuta suluhu. Nyasi, mkanda na fimbo: vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, kazi moja.

Vitu 30 hadi 40 vinatosha chumba cha ukubwa huo. Acha njia ya mita 1.2 kati ya meza ili kiti cha magurudumu kipite, pia watoto wasisukumane juu ya vyungu.

Hesabu nani anaishi hapo, na umwite kwa jina lake

Usitumie orodha iliyo kichwani mwako. Pita nyumba kwa nyumba au keti na wazee wa nyumba kumi, uandike kila jamii iliyopo hata kama ni familia mbili. Wanaosahauliwa ni wale wale kila mara. Wamakonde wa Kwale, wachongaji hodari ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walipata uraia wa Kenya mwaka 2016 tu. Washona, jamii yenye asili ya Zimbabwe, walitambuliwa mwaka 2021, Wapemba mwaka 2023. Wanubi wa Kibera wako hapo tangu enzi ya ukoloni. Wahindi wenye duka la pembeni nao wana kinu, wana nguo za arusi, wana chombo cha kusagia viungo, waulize.

Majina yana hatari yake. Picha na vitabu vya zamani vimejaa majina ambayo watu hawakujiita: "Suk" kwa Wapokot, "Lumbwa" kwa Wakipsigis, "Nyika" kwa Wamijikenda, "Dorobo" kwa Waogiek, "Boni" kwa Waaweer, "Sanye" kwa Wawaata. Mengine kati ya haya ni matusi kabisa. Kila ukinakili maelezo ya picha ya kale, simama na umuulize mtu wa jamii hiyo kabla ya kuyabandika ukutani. Kosa moja la aina hii linaweza kuondoa ukoo mzima katika shughuli yenu, na watakuwa na haki.

Kamati na funguo

Watu 9 wanatosha. Wasiwe wote wazee wa kiume: nusu ya vitu mtakavyopokea ni vya wanawake, na mwanamume akieleza leketyo ataeleza vibaya. Weka vijana wawili wanaoweza kuandika na kupiga picha. Wekeni kanuni tatu kwa maandishi siku ya kwanza:

1. Watu wa jamii ambayo kitu kimetoka ndio wenye neno la mwisho kama kionyeshwe, kipigwe picha au kiguswe. Kamati nzima haiwezi kuwapigia kura wakashindwa.
2. Kabati la vitu vya thamani lina kufuli mbili. Funguo zinakaa kwa watu wawili wa jamii mbili tofauti, na hakuna anayefungua peke yake.
3. Hakuna mwanasiasa aliye katika kamati, wala jina lake haliandikwi mlangoni hata akitoa mabati ya paa. Apewe shukrani na risiti. Siku chama chake kikishindwa, chumba kisishindwe naye.

Kufuli mbili zinaonekana kama usumbufu mpaka siku kitu kitakapopotea. Hapo ndipo utaelewa: mlango wenye ufunguo mmoja hugeuza wizi wa mtu mmoja kuwa lawama ya kabila zima.

Kupokea kitu

Kila kitu kinaingia kwa njia moja kati ya mbili, na mwenyewe achague akiwa ameelewa. Ya kwanza ni kutoa kabisa. Ya pili ni kukopesha kwa muda, tuseme miezi 12, kisha mkataba unaandikwa upya au kitu kinarudi. Shawishi watu wakopeshe. Mzee akitoa kibuyu cha mama yake kabisa, halafu akafariki, watoto watakuja kukidai na utakuwa na kesi mkononi. Cha mkopo kina karatasi inayosema kinarudi kwa nani.

Karatasi iwe nakala mbili, moja ya mwenye kitu. Iandikwe: jina la kitu kwa lugha yake, nani alikitengeneza kama anajulikana, kilitumikaje, hali yake siku hiyo pamoja na kila ufa, kama kinaruhusiwa kupigwa picha, na nani wa kuulizwa mwenyewe asipokuwepo. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi na ndilo huleta ugomvi. Uliza pia kama kitu ni cha mtu mmoja au cha ukoo. Cha ukoo kinahitaji sahihi zaidi ya moja.

Kuna vitu usivyopokea hata ukiletewa mlangoni:

Vigango vya Wamijikenda, nguzo za ukumbusho wa wafu wa chama cha Gohu, havitolewi mahali viliposimikwa. Miaka ya 1980 vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikutwa katika makumbusho mawili ya Marekani na kurudishwa nyumbani mwaka 2007. Anayekuletea kigango leo amekitoa mahali. Vivyo hivyo kwa kitu chochote cha ndani ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kwa meza yenu, maelezo ya maneno yaliyokubaliwa na wazee wa kaya yanatosha.

Pembe za ndovu, ngozi ya chui, ngozi ya mbega na manyoya ya mbuni ni nyara za wanyamapori chini ya sheria ya mwaka 2013. Kofia ya mzee wa ngoma inaweza kuwa na vyote viwili vya mwisho. Kuwa nayo bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kosa, na asiyejua haachwi. Nendeni ofisi ya KWS kabla ya kuipokea.

Kitu kilichochimbuliwa ardhini, au kinachoonekana kuwa cha kabla ya mwaka 1895, toeni habari kwa Makumbusho ya Taifa kwanza.

Kukipa namba

Tumia daftari kubwa lenye jalada gumu na kalamu ya wino. Kompyuta iwe nakala tu. Namba iwe na sehemu tatu: mwaka, mtoaji wa ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi kutoka kwake. Hivyo 2025.7.2 ni kitu cha pili kutoka kwa mtoaji wa saba wa mwaka 2025. Andika namba kwa penseli kwenye utepe wa pamba na uufunge polepole kwenye shingo au mpini. Usiandike juu ya kitu chenyewe, usibandike selotepu. Gundi yake huacha alama ya kahawia isiyotoka, na kwenye ngozi huondoka na rangi.

Kuhifadhi: yanayoharibika na sababu yake

Kitu kipya kisiwekwe na vingine siku hiyo. Kiweke chumba kingine juu ya karatasi nyeupe kwa wiki 4 hadi 6, na kila wiki angalia karatasi. Ukiona unga laini au vijipunje chini ya kigoda au kinu, dumuzi wako hai ndani. Matundu peke yake hayathibitishi. Yanaweza kuwa ya zamani. Unga mpya ndio ushahidi.

Dawa nafuu ni friza. Funga kitu kwa nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa selotepu juu ya nailoni, kisha kiache kwenye nyuzi −18 hadi −20 kwa siku 14 bila kuifungua friza ovyo. Ukikitoa, usifungue nailoni kwa saa 24. Unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya kitu baridi, na nailoni ikiwa bado imefungwa maji yatakaa nje yake. Usigandishe ngoma iliyowambwa, ala yenye nyuzi zilizokazwa, wala kibuyu chenye ufa: ngozi huvuta na kupasuka, ufa hupanuka. Hivyo visafishwe kwa brashi laini na vikae peke yao muda mrefu zaidi. Dawa ya kunyunyizia wadudu isipigwe juu ya kitu kamwe, watoto watakishika.

Kosa linaloharibu zaidi kuliko wadudu ni usafi wa nia njema. Kibuyu cha maziwa kikioshwa kwa sabuni hunywa maji, huvimba, kisha hupasuka kikikauka. Tena mkaa uliopakwa ndani ndio ujuzi wenyewe uliotaka kuuonyesha, nawe umeumwaga kwenye mtaro. Ngeu nyekundu, yaani udongo wa rangi, kwenye ngozi na shanga si uchafu. Moshi kwenye mpini si uchafu. Vanishi, mafuta ya kupikia na rangi ya viatu visikaribie kitu chochote. Brashi laini na kitambaa kikavu, basi.

Jua ni adui wa nguo. Leso, kikoi na nguo za arusi zikae mbali na dirisha, na zibadilishwe kila miezi 3 au 4, kwa kuwa rangi iliyopauka hairudi. Pwani tatizo ni unyevu: hewa ikipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaota. Acha sentimita 5 kati ya kabati na ukuta, fungua madirisha ya pande mbili asubuhi ya siku kavu, usifunge nguo kwenye plastiki. Kila kabati liwe sentimita 15 juu ya sakafu. Mchwa na maji ya mvua vyote huanzia chini.

Maandishi ya mezani

Maneno 60 kwa kitu yanatosha, 80 ni mwisho. Jina la kwanza ni la lugha yenyewe, kwa herufi kubwa kuliko zote, Kiswahili kinafuata. Tahajia iangaliwe na mtu anayesoma lugha hiyo. Kikikuyu na Kikamba vina ĩ na ũ zinazobadilisha maana, na ukizifuta kwa uvivu wa kibodi msomaji wa lugha hiyo ataona mara moja kwamba hakuulizwa. Ukikosa mtu, Biblia ya lugha hiyo ni mwongozo mzuri wa tahajia. Bandika ili katikati ya maandishi iwe kwenye kimo cha mita 1.4.

Mfano:

SOTET (Kikalenjin). Kibuyu cha kugandishia mursik, maziwa ya mgando. Ndani husuguliwa kwa sosiot, brashi ya ufito, kisha hupakwa mkaa wa mti wa senetwet. Mkaa huyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu yake. Mwanariadha akirudi na medali hunyweshwa mursik kabla ya kusema lolote. Linganisha na gorfa iliyo kulia kwako: mikono mingine, moto ule ule.

Sentensi ya mwisho ndiyo kazi ya chumba kizima. Kila maandishi yawe na moja inayomwelekeza msomaji kwa jirani. Jamii mbili zikidai kitu kimoja, kama kikapu cha mkonge ambacho Wakikuyu na Wakamba wote hukiita kwa jina karibu moja, andika majina yote mawili na maelezo ya pande zote mbili. Usihukumu nani alianza. Kamati iliyojaribu kutoa hukumu hiyo itakuwa imefunga chumba.

Sauti

Simu inatosha kurekodi. Chagua umbo la WAV, si MP3. Itakula takribani MB 10 kwa dakika, kwa hiyo futa video kwanza. Simu iwe sentimita 20 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Chini ya mabati usirekodi mvua ikinyesha. Anza kwa kusema tarehe, mahali, lugha, jina la anayezungumza na kwamba amekubali. Kukubali huko kurekodiwe. Mwache aseme kwa lugha yake hata kama wewe huijui, tafsiri itakuja baadaye. Dakika 45 ndizo mwisho kwa mzee. Nakala ziwe tatu: diski, flashi iliyo nyumba nyingine, na moja ya familia yake. Hiyo ya familia usiicheleweshe.

Kumbukumbu za vita

Katika Bonde la Ufa na kwingineko, mtaa wenye makabila mengi mara nyingi una majeraha ya ghasia za uchaguzi za 1992 au za 2007 na 2008. Utaletewa panga, picha ya nyumba iliyoungua, orodha ya majina. Usivionyeshe mwaka wa kwanza. Chumba ambacho hakijajenga imani hakiwezi kubeba panga ukutani. Litasomwa kama shtaka. Lakini usijifanye kwamba ghasia hizo hazikutokea. Vipokee, viandikwe, vifungwe kwa kufuli zile mbili, na mwambie mtoaji kwamba vimehifadhiwa mpaka pande zote zitakapoketi.

Inawezekana. Kule Lari, ambako mauaji ya Machi 1953 yalizigawa familia za Mau Mau na za homugadi, yaani walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni, makumbusho ya amani ya Kimende yalianza kwa kuketisha pamoja watu wa pande hizo mbili. Ni sehemu ya mtandao wa makumbusho ya amani ya jamii ulioanzishwa miaka ya 1990 na Sultan Somjee, mtafiti wa tamaduni za Kenya, pamoja na yale ya Abasuba katika kisiwa cha Mfangano. Tembeleeni mojawapo kabla ya kununua ubao hata mmoja.

Shule, na siku ya kufungua

Siku ya kufungua isiwe kubwa kuliko kazi. Ngoma mbili zinatosha. Pesa zilizobaki zinunue kabati. Panga ngoma za jamii mbili zicheze kwa zamu katika uwanja mmoja, na iliyo ndogo ianze, kwa sababu inayomaliza hubaki masikioni na inayoanza hupata watu wakiwa makini.

Darasa la watoto 40 ligawe makundi ya 10. Kundi moja ndani kwa dakika 30, mengine nje na wazee. Wasipewe mhadhara. Kila mtoto apewe karatasi yenye swali moja: tafuta kitu cha jamii nyingine kinachofanya kazi ile ile ya kitu kilicho nyumbani kwenu, ukichore, uandike jina lake kwa lugha yao. Mkusanye michoro, muiandike tarehe, na kila muhula mbandike kumi karibu na mlango. Majina yaliyoandikwa vibaya yasahihishwe na mama au mzee wa lugha hiyo mbele ya mtoto, asubuhi ile ile.